Mfundishe vidole kwanza, macho yatainuka yenyewe

Kuna jambo linaniumiza kila nikipita kwenye viwanja vyetu vya kikapu hapa Arusha: mtu mzima anampigia kelele mtoto wa miaka sita anayejifunza kudundisha mpira, "Inua macho! Usiangalie mpira!" Mtoto anatii, anainua macho, mpira unamgonga mguuni na kukimbilia mtaroni. Wenzake wanacheka. Jumamosi inayofuata haonekani.

Ninafundisha watoto wa miaka mitano hadi tisa huku Njiro, na ombi langu kwa wazazi na walimu wenzangu ni moja. Mwacheni mtoto auangalie mpira. Mkono ukishaujua mpira, macho hayana tena sababu ya kukaa chini.

Tuanze na mpira wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mpira wa ukubwa namba 7, ule wa wanaume, una mzingo wa kama sentimita 75. Mtoto wa darasa la kwanza hawezi kuuongoza kwa mkono mmoja, kwa hiyo anaupiga makofi kwa nguvu zake zote. Mtafutie namba 5, na kwa walio wadogo zaidi namba 3 ukiipata. Ukikosa zote, nenda shule ya msingi ya jirani ukaazime mpira wa pete. Namba 5 ya mpira wa pete ina mzingo wa sentimita 69 hadi 71, sawa na namba 5 ya kikapu, ila ni mwepesi kidogo. Upepo wa ndani ya mpira nao ukaguliwe kila siku, hasa Juni na Julai, kwa sababu baridi ya asubuhi hupunguza mdundo. Uachie kutoka kifuani kwa mtoto. Usiporudi hadi karibu na kiuno, tafuta pampu.

Sasa vidole. Mpira unasukumwa kwa vidole vilivyotanuliwa, haupigwi kwa kiganja, lakini ukimweleza mtoto hivyo kwa maneno anaitikia "ndiyo kocha" na kuendelea kupiga makofi. Mimi natumia vumbi, na la kwetu halijawahi kuisha. Baada ya dakika chache za kudundisha nasema, "Nionyesheni mikono!" Wananyoosha viganja. Vumbi likiwa limejaa kwenye vidole na chini yake kidogo, huku katikati ya kiganja pakiwa pasafi, huyo anasukuma. Katikati pakiwa pa kahawia, bado anapiga. Kuna binti mmoja mdogo ambaye sasa haningoji niite, anakuja mbio, "Kocha, angalia, katikati pasafi!" Amejisahihisha mwenyewe, na mimi sikuongeza neno.

Waanze wakiwa wamepiga goti moja. Mpira unadunda chini chini, haukimbii mbali, na mtoto anapata miguso mingi kwa muda mfupi. Wakisimama, magoti yakunjwe, mpira usipite kiuno, na udunde pembeni ya mguu, sio mbele ya vidole vya miguu. Kandambili zivuliwe au zibadilishwe kwa raba. Na tafadhali msiwapange foleni. Watoto kumi wakisubiri mpira mmoja, tisa kati yao wanajifunza kusimama. Mipira ikiwa michache, waite watoto wachache kwa zamu.

Mkono wa kushoto unahitaji moyo wa pekee. Watoto wetu wamekatazwa kuutumia kulia chakula na kupokea vitu vya wakubwa, na wengine wanauficha hata uwanjani. Waambie wazi kwamba hapa unaruhusiwa na unahitajika. Mimi nauanza huo kwanza, kabla hawajachoka.

Ndipo tunafika kwenye macho. Nasimama mbele yao nanyoosha vidole vitatu, wanataja namba huku wanadundisha. Nahamia kulia, nahamia nyuma yao, nabadilisha. Wakizoea tunacheza mkia: kila mmoja anachomeka kipande cha kanga kuukuu nyuma ya bukta, anadundisha mpira wake huku akijaribu kunyakua mikia ya wengine. Anayeangalia chini anaibiwa mkia mara moja. Hakuna aliyewaambia wainue macho.

Sheria zisubiri. Ndiyo, ni kosa kudundisha, kuushika, kisha kudundisha tena, lakini mtoto wa miaka sita anayeushika kwa mikono miwili na kusimama asipigiwe filimbi. James Naismith alipoanzisha mchezo huu Marekani mwaka 1891, mchezaji hakuruhusiwa kabisa kukimbia na mpira. Alitakiwa aurushe kutoka pale alipoudakia. Kudundisha kulikuja baadaye.

Wazazi wa watoto warefu huniambia, "Kocha, huyu mfundishe kufunga tu, atakuwa kama Hasheem Thabeet." Ninawaelewa, tangu Mtanzania huyo achaguliwe wa pili kuingia NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mwaka 2009 ndoto hiyo ipo kwenye nyumba nyingi. Ila kwa mtoto wa miaka sita hakuna ajuaye ataishia urefu gani, na kikapu kilicho juu mita 3.05 kinamlazimisha aurushe mpira kutoka kiunoni kwa mwili mzima, tabia ambayo baadaye ni kazi kuiondoa. Hata cha mita 2.60, cha mchezo wa watoto, kinaweza kungoja. Kwa hiyo kama mtaani kwenu hamna kikapu, msisubiri kichangiwe. Kipande cha sementi kwenye uwanja wa kanisa au ua wa shule kinatosha kuanza Jumamosi hii.