Mtetemo wa sauti katika nyimbo za asili za Uingereza na Ireland

Swali: Nimefundishwa kuimba muziki wa klasiki, na sauti yangu ni alto. Kila ninapoimba nyimbo za asili za Uingereza na Ireland, wasikilizaji husema kwamba ninaimba opera. Je, niondoe kabisa mtetemo wa sauti (vibrato)?

Jibu: Dada, usiuondoe wote, kwa maana sauti inayobebwa na pumzi hutetemeka yenyewe, na ukiikaza ili inyooke utaishia kubana koo. Msikilize Kathleen Ferrier, mwimbaji wa muziki wa klasiki mzaliwa wa Lancashire, Uingereza, katika rekodi yake ya 1949 ya “Blow the Wind Southerly”, aliyoiimba bila ala yoyote: mtetemo umo, na sauti ni ile ile aliyoimbia kazi za watunzi Bach na Mahler, lakini hakuna neno linalopotea. Nadhani tatizo lako liko kwenye silabi nyepesi. Uzito wa “southerly” uko mwanzoni, ilhali sisi tuliofundishwa kuivuta kila noti huibebesha silabi ya mwisho sauti nene, na hapo mwanamke wa wimbo huo anayemngoja mpenzi wake kutoka baharini hugeuka malkia wa jukwaani. Iachie silabi hiyo mapema, kama unavyoiachia unapozungumza. Teremsha pia wimbo hadi mahali ambapo unaweza kuusema, si kuuimba tu.

Jambo la pili hukuliuliza, lakini linakuhusu. Katika wimbo wa Ireland “She Moved Through the Fair”, uliochapishwa na Herbert Hughes mwaka 1909 kwa maneno ya Padraic Colum, noti ya saba ya skeli imeshushwa. Kwa lugha ya wanakwaya, ni “ta”, si “ti”. Sikio lililolelewa na nyimbo za kanisani huivuta ipande bila mwimbaji kujua, na piano ikiongeza kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) yenye “ti” ndani yake, ladha yote ya wimbo inakwisha. Mimi humwomba mpiga piano ashike “do” na “so” tu upande wa besi, au anyamaze.

Usiigize lafudhi ya wanakijiji. Nimewahi kulijaribu hilo mbele ya watu, nao wakacheka. Ubeti wa mwisho wa “She Moved Through the Fair”, ambapo mpenzi anaingia usiku na miguu yake haisikiki, usiupandishe kama kilele cha opera, bali uimbe kwa kiasi cha sauti unachotumia kuzungumza na mtu aliyekaa ng’ambo ya meza.