Maswali yenu: REU, agenti, na konekisheni

Niko mwaka wa pili Mlimani, Dar es Salaam. Nataka kwenda REU Marekani, ile mipango ya utafiti wa kiangazi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Nianzie wapi?
Anzia kwenye sifa za mwombaji, sehemu ambayo hamuisomi. Swali hili huja kila mwezi. Fedha za REU hutoka NSF, shirika la serikali ya Marekani linalogharimia sayansi, na posho yake ni kwa raia na wakaazi wa kudumu. Wewe humo. Hata mwenzako aliye kulekule kwa viza ya mwanafunzi, kwa kawaida hamo. Jaribu CERN, maabara ya fizikia ya Geneva, inayochukua pia wanafunzi wa nchi zisizo wanachama, au OIST, chuo cha utafiti kule Okinawa, Japani. Na kabla ya Okinawa kuna vituo vya utafiti wa afya vya Ifakara, hapa Tanzania, na Kilifi, Kenya. Watu wanavuka bahari kutafuta maabara ya malaria wakati ipo safari ya basi tu kutoka kwao!

Agenti anataka laki tatu anipitishe.
Usimpe hata mia. REU hairuhusiwi kutoza ada ya maombi, na unaomba moja kwa moja kwenye chuo husika.

Shikamoo. Tulitoka Kongo, tukapitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, sasa tuko Louisville, Marekani, na tumeshapata grini kadi. Binti yangu yuko chuo cha miaka miwili, anapenda kemia. Asubiri ahamie chuo kikuu kwanza?
Marahaba, mama. Asisubiri. REU iliwekewa sharti la kuwatafuta wanafunzi wa vyuo visivyo na utafiti mwingi, vya miaka miwili vikiwemo. Kituo kimoja cha REU huchukua kama wanafunzi 10, kwa wiki 8 hadi 10 za kiangazi. Najua kiangazi ndicho wakati wa kupata zamu nyingi ghalani na nyumbani kodi inasubiri. Lakini hii nayo inalipa: kuna posho, na vituo vingi hugharimia malazi na nauli. Pigeni hesabu pamoja kabla hujamkatalia.

Milango mingi hufungwa kati ya Januari na Machi, kwa hiyo barua za walimu aziombe Novemba. Aende ofisini kwa mwalimu wake wa kemia, akae, aongee naye. Mwalimu asiyemjua ataandika kwamba alihudhuria darasa, na barua ya namna hiyo haimsaidii.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Watamshauri aandike habari za kambi ukurasa mzima. Kambi impe sentensi mbili. Zilizobaki ziwe za kemia: swali gani linamsumbua, jaribio gani lilimharibikia na alifanya nini. Wanatafuta mtu wa maabara, na huruma yao haitamfundisha kupima chochote.

GPA yangu, yaani wastani wa alama, ni 2.9. Niombe?
Omba, isipokuwa pale walipoandika wazi kiwango cha chini kilicho juu ya hapo.

Nimehitimu Mei. Bado naweza?
Hapana. Ni ya wanaosoma shahada ya kwanza.

Mipango ya wanafunzi weusi na wa makundi mengine ya wachache katika sayansi bado ipo?
Mingine ipo, ila imetikiswa. LSAMP, mpango wa NSF wa kuwasaidia wanafunzi hao vyuoni, ulianza 1991, na SROP, utafiti wa kiangazi wa vyuo vikuu vya kundi la Big Ten, ulianza 1986. Lakini mwaka 2025 ruzuku nyingi za NSF zilikatwa na baadhi ya vituo vya REU vikaahirisha au kufuta kiangazi chao. Usiweke mayai yote kwenye kapu la kituo kimoja. Omba vinane, na uwaandikie kwanza kuuliza kama fedha zipo.

Naomba konekisheni.
Sina. Na hujasema hata unasoma nini.