Umekulia pwani? Mawimbi ya Gold Coast hayana habari

Tangu niweke picha yangu na medali ya mbio za ubao, zile za klabu za waokoaji wa baharini huku Gold Coast, Australia, ujumbe haukatiki. Mmoja nimeona niujibu hapa: "Dada, mimi nimekulia Bagamoyo, kuogelea najua, sasa niko Brisbane. Nataka kushindana mbio za ubao na ski kama wewe. Naanzia wapi?"

(Ski ni mtumbwi mwembamba wa kukalia juu na kupiga kasia.) Mdogo wangu, unaanzia zamu za ulinzi ufukweni. Klabu hizi za Australia ni za waokoaji kwanza, mbio baadaye. Utafute cheti cha Bronze Medallion: mita 400 za kuogelea ndani ya dakika 9, kisha ukimbie mita 200, uogelee 200, ukimbie tena 200, yote ndani ya dakika 8. Halafu utasimama juani kati ya zile bendera za rangi mbili, nyekundu na njano, zinazoonyesha pa kuogelea, ukilinda watoto wa watu. Bila saa za zamu, hata uwe na mikono ya chuma, kwenye mstari wa kuanzia mbio husimami. Hayo yanachosha, tuyaache.

La maana ni maji. Mimi ni mtoto wa Jambiani, Unguja. Kwetu wimbi linavunjika kule mwambani, linalofika kwetu ni la kuoshea mwani. Gold Coast mwamba wa kukukinga haupo. Bahari kuu inakuja moja kwa moja na kupasukia kwenye mafungu ya mchanga, na mafungu yenyewe yanahama, kwa hiyo ufukwe ulioujua Jumamosi si huo wa Jumamosi ijayo. Katikati ya mafungu kuna mkondo unaorudi nje. Utaujua kwa rangi nzito na kwa sababu mawimbi hapo hayavunjiki sana. Mwogeleaji mgeni unamuua. Sisi wa ubao unatuchukua nje bure. Kabla ya mbio wenzangu wananyoosha misuli, mimi nasimama nayatazama maji.

Ubao wenyewe una urefu wa mita 3.2, unaupigia magoti na kuvuta kwa mikono miwili pamoja. Povu likija, unarudi nyuma haraka, unakaa ukiitanua miguu, unashika mikanda ya ubao na kuinua pua yake. Linakupiga kifuani, maji yanaingia puani, huoni kitu. Hapo ndipo wengi wanapumzika. Usipumzike! Magoti juu tena kabla povu halijapita lote.

Sasa niseme lililo moyoni. Klabu niliyokuwamo zamani, mwalimu aliniacha kwenye timu ya Taplin, zile mbio za kupokezana za kuogelea, ubao na ski. Nafasi ya ubao akampa binti niliyekuwa nikimshinda mazoezini. Akaniambia mimi si mtu wa mawimbi makubwa. Mimi, baharini nimezaliwa! Nilihama klabu, na nikikutana naye ufukweni namsalimu, lakini kuniuma kunaniuma.

Ndiyo maana hii medali ni tamu. Kwenye boya la mwisho, tukigeuka kurudi ufukweni, nilikuwa nyuma ya kundi zima. Likaja wimbi, wote wakalirukia. Nikaliacha. Nililiona jembamba, na kati ya mafungu kulikuwa na kina, nikajua litafia humo. Likafa kweli, wakabaki wanapiga mikono kwenye maji yaliyosimama. La pili lilikuwa langu: likainua mkia wa ubao, nikarudi nyuma pua isizame, miguu nikaiburuza kulia na kushoto kuuelekeza, nikawapita wote isipokuwa wawili.

Kwa hiyo wanawake wenzangu wa pwani, acheni kujivunia bahari ya nyumbani. Kaeni mjifunze hii. Subirini. Mikono mnayo, macho ndiyo hamjayafundisha, na subira mnayoihubiri kwenye ndoa za watu ileteni majini.

Ski? Usiiguse msimu wa kwanza. Ni karibu mita 6 na uzito wake haupungui kilo 18. Mbio zake zinaanzia ndani ya maji, unaishikilia ikitazama mawimbi, na ikigeuka ubavu tu, wimbi linaichukua kwenda kwa waogeleaji ikiwa tupu. Jifunzie mtoni kwanza, maji yakiwa yametulia. Ubao ununue uliotumika, na uukague nyufa karibu na mikanda kabla hujatoa hela.