Maswali ya wasomaji: vitambaa vimejaa sandukuni, nishone nini?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Lamu na karibu zote zauliza jambo moja, vitambaa vimekua vingi nyumbani, leso, vipande vya vitenge, mabaki ya mapazia, na mwenyewe ana charahani lakini hajui aanze wapi. Nimezijibu hizi sita, ya kwanza kwa urefu manake ndio mzizi wa zingine.

SWALI: Assalam aleikum Bi Fundi. Niko Langoni, nna charahani ya mkono niliyoachiwa na mamangu na masanduku mawili ya vitambaa, leso nisizozivaa, vitenge nusu yadi nusu yadi, vipande vya madera, mabaki ya mapazia ya Idi na vingine hata sijui ni kitambaa gani. Kila nikitoa kimoja nakitizama nakirudisha, naogopa nitakikata nikiharibu. Najua mshono wa kunyooka tu, zipu siwezi. Nianzie wapi?
Mama wa watatu, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Mshono wa kunyooka watosha kabisa, kila kitu ntakachokutajia hapa ni mishono iliyonyooka na pindo, basi. Zipu iwache kwanza.

Anza kwa kutoa vitambaa vyote sandukuni, vyote, uvimwage kitandani uvipange kwa uzito. Watu wengi hupanga kwa rangi, yapendeza kutizama lakini haikusaidii, rangi haikwambii kitambaa kitaweza kazi gani ila uzito wakwambia hapo hapo. Vizito weka upande wake, mapazia, jinzi, turubai. Vya wastani vya pamba upande wake, leso, vitenge, vikoi, mashuka yaliyochoka katikati lakini pembeni bado mazima. Vyepesi vinavyoteleza, yaani madera, satini, shifoni, viwe peke yao. Vipande vidogo vyote tia kwenye kikapu, tutavirudia chini.

Hivyo usivyovijua, chomoa nyuzi mbili tatu uzichome juu ya kisahani chenye maji, uko mbali na pazia na watoto. Pamba yaungua kama karatasi na jivu lake ni laini lapeperuka. Poliesta yayeyuka, yajikunja, ikipoa yawa kidonge kigumu na harufu ni ya plastiki. Kujua hili sio mchezo, manake kishikio cha sufuria cha poliesta kitayeyukia mkononi mwako, na kitambaa cha kupangusia vyombo cha poliesta hakinywi maji hata ufanyeje.

Halafu vioshe kabla ya kukata. Pamba yarudi ikioshwa mara ya kwanza, sasa ukishona ndio uoshe utakuta mto hauingii kwenye foronya na mfuko umepinda upande. Osha, anika kivulini, piga pasi, ndio ukate.

Sasa lile la kuogopa. Nadhani waogopa kwa sababu wakitizama kitambaa kwanza halafu wakitafutia kazi, na kitambaa kizuri kila kazi yaonekana ndogo kwacho. Geuza. Zunguka nyumba yako uone nini chahitajika wiki hii, mito ya barazani imechakaa, jikoni hamna vishikio, mfuko wa sokoni umetoboka, kisha ndio uende kwenye lile fungu la uzito unaofaa uchukue kile usichokipenda sana. Usianze na leso ya harusi. Anza na kile kitenge ulichopewa ukasema asante lakini rangi yake hukuitaka.

Mfuko wa sokoni ndio wa kwanza ningekupa, tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 kila nyumba yahitaji na hauna ugumu wowote. Nusu yadi ya kitenge ni kama sentimita 45 kwa 115. Kata vipande viwili vya upana wa 40, urefu uwe wote wa 45, utabakiwa na kipande cha 35 kwa 45 ambacho utakata mikanda miwili ya upana wa 10. Kila mkanda ukunje mara nne kwa urefu, upate wa sentimita 2 na nusu, upige mshono pande zote mbili. Huo ni mfuko wa kushika mkononi, ukitaka wa begani mikanda iwe ya sentimita 65, itoe kwenye kitambaa kingine, na kizito ndio bora. Unganisha pembeni na chini, kunja mdomo mara mbili, na mikanda ipachike kwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake manake hapo ndipo mfuko hukatikia ukitia viazi na nazi. Ukitaka udumu zaidi utie bitana kutoka kwenye shuka kuukuu.

Mapazia nayo ni mali jamani. Watoa aproni, watoa mfuko mkubwa wa nguo chafu, watoa vifuniko vya viti vya barazani. Mafundi wa hapo hapo Lamu washona mabegi kwa matanga makuukuu ya majahazi, na watu waja kuyanunua, kwa hivo usiseme kitambaa kizito hakina kazi. Ila badilisha sindano, namba 100/16 kwa tanga na jinzi, leso na kitenge tumia 80/12 au 90/14, na shifoni 70/10. Ukishona tanga kwa sindano ya leso itavunjika.

Vile vyepesi vya kuteleza vitakusumbua mwanzo, siwezi kukudanganya. Piga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kwa mkono kwanza kabla hujatia kwenye charahani. Satini ifanye foronya, nywele zakaa vizuri usiku hazikatiki, na mabaki yake yatoa vibanio vya nywele vya wasichana, kipande cha 10 kwa 50, wakishona kama mrija wakipitisha lastiki ya sentimita 20, umemaliza.

SWALI: Nataka kushona mito ya baraza kwa leso. Kipande kimoja chatoa mingapi? Na nifanyeje lile jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, lisikatike? Zipu pia mimi siwezi.
Shela

JIBU: Leso nyingi zina kama sentimita 150 kwa 110, lakini pima ya kwako, kuna zinazopungua, hasa hizi nyepesi za siku hizi. Mto wa 40 kwa 40 wataka kipande cha mbele cha 43 kwa 43 na vipande viwili vya nyuma vya 43 kwa 30, hivo vya nyuma vyapandana katikati ndio mto waingilia hapo, zipu ya nini. Ukivipanga vitatu kwa mstari wafika urefu wa 103, waingia kwenye ule upana wa 110 bila shida, na mistari ya upana wa 43 yatoka mitatu kwenye 150. Kwa hivo leso moja, foronya tatu, na wabakiwa na utepe wa sentimita 21 pembeni ambao ni pindo karibu wote, huo uhifadhi ni mzuri sana kwa kupamba mdomo wa taulo au shuka jeupe.

Lakini hiyo ni hesabu ya kubana. Kwa jicho langu leso yapendeza zaidi ukitoa foronya mbili kwa utulivu, moja mji wake, yaani lile pambo la katikati ya leso, uko katikati barabara na nyingine umeicheza na pindo, badala ya tatu ambazo maua yamekatwa shingo. Jina ndio tatizo, mara nyingi ni refu kuliko 43, ukilazimisha utabaki na nusu ya maneno na nusu ya maneno yaweza kusomeka vibaya kabisa mbele ya wageni. Jina lote lataka kitu kirefu. Shona mto mrefu wa kuegemea ukutani, au kitambaa cha kutandika juu ya kabati, au mfuko mpana jina lizunguke mbele mpaka nyuma. Pima kutoka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ongeza vidole vitatu kila upande, ndio uamue.

SWALI: Ati chumvi na siki zazuia leso kuchuja rangi? Nimeshona mto mweupe na mwekundu naogopa kuuosha.
Mokowe

JIBU: Usizitegemee. Rangi za viwandani za siku hizi hazishikwi na chumvi wala siki nyumbani. Kinachosaidia ni kuosha kitambaa chekundu peke yake kwa maji baridi, tena na tena mpaka maji yatoke meupe, kabla ya kukishonea na cheupe. Huo wako ulioshonwa tayari, bonyeza kitambaa cheupe kilicholowa kwenye ule wekundu, kikitoka na rangi fumua upande mmoja uoshe mbalimbali. Ni kazi lakini ni bora kuliko mto wa waridi.

SWALI: Mama mkwe amenipa doti ya leso za harusi yake. Nataka kuzitumia zionekane ndani, lakini shangazi wa mume wangu asema kukata leso ya heshima ni utovu wa adabu. Wewe wasemaje?
Bi arusi wa mwaka huu, Mkomani

JIBU: Mwanangu, msikilize shangazi. Mimi napenda sana kutumia kitambaa, nakasirika nikiona vizuri vimeliwa na wadudu sandukuni, lakini leso hiyo haikununuliwa dukani, imekuja na mtu ndani yake na huyo mtu yuko hai na ataiona. Habari njema ni kwamba huhitaji mkasi. Doti ni vipande viwili, ukiviunganisha kwa ule upande mrefu wapata kitu cha kama 150 kwa 220, hicho chafunika kitanda cha futi tatu u nusu kwa sita na chaning'inia pembeni. Chini yake weka shuka jeupe la pamba la ukubwa ule ule, viunganishe pande tatu ukigeuza, halafu pande ya mwisho kwa mkono. Piga mshono mmoja mwepesi juu ya mistari ya pindo ili tabaka zisihamehame. Leso zabaki nzima, majina yote mawili yasomeka, na siku ukitaka kuzirudisha zilivyokua wafumua mshono tu. Kabla ya kuanza mwonyeshe mama mkwe umwambie wataka kufanya nini. Naamini atafurahi, na pengine atakutolea nyingine.

SWALI: Charahani yangu yaruka mishono, na sindano zashika kutu kila nikikaa bila kushona. Vitambaa pia vimeanza kunuka koga.
Matondoni

JIBU: Hiyo ni hewa ya bahari, chumvi na unyevu, sisi wa pwani hatuna budi kuishi nayo. Charahani ikiruka mishono badilisha sindano kwanza kabla hujaita fundi, mara nyingi ndio hiyo, imekua butu au imepinda au imetiwa kinyume. Tizama uzi pia, uzi wa zamani uvute, ukikatika kwa urahisi utupe. Na unapopitisha uzi, mguu wa charahani uwe juu, ukiwa chini uzi hauingii kwenye vile visahani vya kukaza na mshono wafanya fundo fundo chini. Ukimaliza kushona toa sindano uifutie kwa kitambaa chenye mafuta ya charahani kidogo, funika mashine kwa kitambaa cha pamba sio nailoni manake nailoni yafungia unyevu.

Vitambaa vitoe hewani wakati wa kaskazi kukiwa kukavu, kivulini, jua la saa sita laua rangi. Masika usifungue sanduku ovyo. Majani makavu ya mwarobaini watu wetu wameyatumia tangu zamani kuzuia wadudu, ila yashonee kifuko kwanza yasigusane na nguo nyeupe. Vyenye koga osha, kausha mpaka ndani ya mapindo, ndio urudishe.

SWALI: Mimi ni mwanamume, nashona kofia. Nna vipande vingi vya bafta nyeupe, vidogo, kuvitupa naona hasara. Vyafaa nini?
Langoni

JIBU: Vyafaa sana kakangu, na umenipa nafasi ya kurudi kwenye kile kikapu cha vipande vidogo. Bafta ni pamba nyeupe isiyo rangi, kwa hivo chemsha kwanza itoke stachi, kisha wape watu wa jikoni. Kipande cha sentimita 50 kwa 50 kilichopindwa ni kitambaa cha kukamulia tui. Cha 12 kwa 15 ni kifuko cha viungo, watia iliki, mdalasini na karafuu wafunga wadumbukiza kwenye sufuria ya pilau, hakuna mtu atatafuna karafuu. Vya kati viunganishe viwe vifuko vya kamba vya kuwekea tende au kunde, na kimoja kikubwa kidogo cha kuwekea msahafu, hicho utie bitana.

Vile vidogo kabisa visivyoshoneka, vyako na vya wale kina mama wa juu, vikate viwe saizi ya ukucha uvichanganye na sufi kwa mito ya kukalia chini. Usijaze vitambaa vitupu, mto wawa mzito na wafanya mabonge, sufi ndio iwe nyingi. Na viwe vikavu kweli kweli, kipande kimoja kibichi chaozesha mto mzima.