Usijifungie Chumbani: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Maisha ya Mgeni Japani

Tangu tulipoeleza jinsi ya kuomba nafasi ya masomo Japani, tumepokea barua kutoka Goma, Bukavu na Lubumbashi, pamoja na nyingine kutoka kwa vijana wetu ambao wameshafika huko. Karibu zote zinauliza habari za siku za kawaida: namna ya kuishi na majirani, mahali pa kwenda siku ya mapumziko, na mambo yanayoweza kumponza mgeni. Mwandishi wa safu hii aliishi Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini, akiwa mwanafunzi, kwa hiyo majibu yake yanaelemea upande huo.

Barua ya kwanza inasema: Mimi ni mzaliwa wa Katindo, Goma, na sasa ninasoma mjini Fukuoka. Jioni ninaosha vyombo katika mkahawa, na Jumapili ninalala tu chumbani. Nikipanda treni, kiti kilicho kando yangu hubaki kitupu hata watu wakiwa wamesimama, na hilo linaniumiza sana. Pesa zangu ni kidogo. Niende wapi?

Ndugu yangu, kiti hicho kitupu kinajulikana na wageni wengi waliokutangulia, na una haki ya kuumia. Baadhi ya abiria huogopa tu kusemeshwa kwa lugha wasiyoijua. Wengine wanabagua, na hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Uchunguzi wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kati ya wageni waliotafuta nyumba ya kupanga katika miaka mitano iliyotangulia, karibu asilimia 39 waliwahi kukataliwa kwa sababu tu ni wageni. Hata hivyo, abiria wa treni hatakujua kamwe, hata ukipanda treni hiyo kwa miaka kumi. Watakaokujua ni watu wa mtaa wako, na kwao ndiko pa kuanzia.

Manispaa nyingi zina shirika la urafiki wa kimataifa ambalo huendesha madarasa ya Kijapani yanayofundishwa na watu wa kujitolea, bure au kwa ada ndogo sana. Walimu hao mara nyingi ni wazee waliostaafu, wenye muda wa kutosha na hamu ya kweli ya kujua unatoka wapi. Tena mitaa mingi ina chama cha wakazi ambacho hupanga siku za usafi, ambapo watu hukutana asubuhi na kufagia njia, kung'oa magugu na kusafisha mifereji, kama salongo ya kwetu ilivyokusudiwa kuwa. Mgeni anayefika kwenye usafi huo akiwa na glavu zake, akasalimu na kufanya kazi mpaka mwisho, ataamkiwa kwa jina njiani kabla ya mwezi kuisha.

Sasa tuje kwenye matembezi, na hapa nakuomba unisikilize kama kaka yako. Wewe ni mtoto wa Goma na unaishi Kyushu. Haifai urudi nyumbani bila kuiona Sakurajima. Ni volkano hai yenye kimo cha mita 1,117 iliyosimama ndani ya ghuba, kilomita chache tu mbele ya jiji la Kagoshima, ambalo lina wakazi wanaokaribia laki sita. Kutoka Fukuoka, treni ya kasi inafika Kagoshima kwa muda wa saa moja na nusu hivi, lakini nauli yake ni kubwa kwa mwosha vyombo. Panda basi la barabara kuu, ambalo huchukua zaidi ya saa nne lakini nauli yake ni nafuu kuliko ya treni. Ukifika, kivuko kinakuvusha hadi Sakurajima kwa dakika 15 hivi, na vivuko hivyo hufanya kazi usiku na mchana.

Utakachokiona huko si mandhari tu. Mlima hutoa majivu mara kwa mara, na upepo ukigeuka yanaliangukia jiji, yanafunika magari na kuingia katika nguo zilizoanikwa. Manispaa imewagawia wakazi mifuko ya rangi ya manjano ya kukusanyia majivu, na kuna mahali maalumu pa kuiweka ili magari yaje kuichukua. Watoto wa pale kisiwani huenda shuleni wakiwa na kofia ngumu. Kando ya barabara kuna vibanda vya saruji vya kukimbilia mawe yakianza kuruka, na hakuna anayeruhusiwa kukaribia kreta kwa umbali wa chini ya kilomita mbili. Mnamo Januari 1914 lava ilimwagika kwa wingi kiasi cha kuziba mlango wa bahari, na mahali palipokuwa kisiwa pakaungana na nchi kavu. Katika kijiji cha Kurokami, lango la hekalu lenye urefu wa mita tatu lilizikwa na majivu na mawe, ikabaki sehemu ya juu ya kama mita moja. Wakazi waliamua kutolifukua ili watoto wa vizazi vijavyo waone wenyewe kilichotokea. Sisi ambao Januari 2002 tuliiona lava ya Nyiragongo ikipita katikati ya mji na kuingia ziwani, kisha tukakimbia tena mwaka 2021, tuna mengi ya kujifunza mbele ya lango hilo. Natamani vijana wetu wanaosoma uhandisi na utawala waende kuuliza ile mifuko ya manjano inagharamiwa vipi, nani anaamua lini watu wahame, na amri hiyo inamfikiaje bibi asiye na simu.

Ukimaliza kutazama, karibu na bandari kuna bustani iliyojengwa juu ya lava ya zamani, yenye mfereji wa maji ya moto wa urefu wa mita 100 hivi, ambamo watu huketi wakiwa na nguo zao na kutumbukiza miguu. Hakuna kiingilio. Hapo ndipo wazee watakuuliza umetoka wapi, nawe utakuwa na jibu la kuwashangaza.

Volkano ya Aso, katika mkoa wa Kumamoto, iko karibu zaidi nawe, na siku nyingine hali ikiruhusu unaweza kuchungulia ndani ya kreta yake. Ila hakikisha kwanza kama njia imefunguliwa, kwa maana gesi ya salfa ikizidi hufungwa mara moja, na mwenye pumu haruhusiwi kukaribia kabisa. Mtu aliyekulia mahali penye mazuku, ile gesi ya sumu inayotoka ardhini, hahitaji kuelezwa kwa nini gesi ya mlima huheshimiwa.

Neno moja kuhusu kazi yako ya jioni: kibali cha mwanafunzi kinaruhusu saa 28 kwa wiki wakati wa masomo, na saa za kazi zote huhesabiwa pamoja hata kama una waajiri wawili. Anayezidisha hujiweka katika hatari siku ya kuongeza muda wa viza.

Mimi ni mama ninayeishi mtaa wa Himbi, Goma. Mwanangu anaondoka kwenda kusoma Tokyo. Tangu ardhi ilipotikisika kwa siku kadhaa baada ya mlipuko wa 2021, neno tetemeko linaninyima usingizi. Je, nimwache aende?

Mama mpendwa, mwache aende, ila aende akiwa amejiandaa. Japani hutikisika mara nyingi. Hilo hatuwezi kulipunguza kwa maneno. Tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 lilikuwa na ukubwa wa 9.0, na tsunami iliyofuata ndiyo iliyoua watu wengi zaidi. Kinachotofautisha nchi ile ni maandalizi: majengo mapya yanajengwa kwa sheria kali, treni za kasi hujisimamisha zenyewe, na simu zote hulia kwa sauti moja ya onyo, mara nyingi sekunde chache kabla ya mtikisiko mkubwa kufika. Sekunde hizo zinatosha kuingia chini ya meza.

Mwambie afanye mambo haya katika juma la kwanza. Aulize katika ofisi ya manispaa ni shule ipi au bustani ipi iliyotengwa kuwa mahali pa kukimbilia kwa mtaa wake, kisha atembee kwa miguu mpaka hapo, mchana na usiku. Aweke karibu na mlango mfuko wenye maji, chakula kikavu, tochi, dawa, viatu na nakala ya pasipoti. Kabati refu alifunge ukutani. Namba ya gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, ya polisi ni 110, na siku ya maafa watu huacha ujumbe wa sauti kwa ndugu zao kupitia namba 171. Kwako wewe, Mama, pangeni tangu sasa ni nani mmoja atakayepokea habari zake na kuzisambaza kwa familia, maana siku hiyo mitandao huelemewa. Na kumbuka kwamba saa za kule ziko mbele ya Goma kwa saa saba. Ukimpigia saa tatu usiku, kwake ni saa kumi alfajiri.

Nitakwenda Japani na mume wangu. Nimesikia kwamba watu huoga pamoja uchi. Mimi ni mkristo na nililelewa Bukavu katika nyumba yenye heshima. Nitalazimika?

Hapana, Dada, hakuna atakayekulazimisha. Kwa kawaida mabafu ya chemchemi za maji moto hutenga wanaume na wanawake, kila upande na mlango wake. Ni kweli kwamba ndani watu hawavai nguo, wala ya kuogelea. Lakini kabla ya kuingia katika maji ya pamoja kila mtu huketi kwenye kigoda na kujisugua kwa sabuni mpaka povu lote liishe, kwa kuwa maji yale ni ya kujituliza na hayatumiwi kuondoa uchafu. Taulo dogo huwekwa kichwani au pembeni, na halitumbukizwi. Hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na wanawake wengi wa kwetu walioingia kwa woga walitoka wakiwa wamepumzika kuliko walivyotarajia.

Ikiwa moyo wako bado unakataa, nyumba nyingi za wageni hukodisha bafu dogo kwa familia, ambamo utaingia na mumeo peke yenu. Mwenye chale au mchoro mwilini aulize kwanza, kwa sababu sehemu nyingi humkatalia. Na mabafu ya miguu niliyoyataja hapo juu hayamvui mtu chochote isipokuwa viatu na soksi.

Kaka yangu anatumwa mafunzoni Osaka. Baba yetu, aliyefanya kazi mgodini Likasi, anasema lazima afike Hiroshima. Kuna sababu gani ya kupoteza siku yake ya mapumziko mahali pa huzuni? Msomaji wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi.

Baba yenu anajua anachosema. Sehemu kubwa ya uraniamu iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, si mbali na Likasi, wakati mgodi huo ulipokuwa mali ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji. Wachimbaji wa Katanga waliyabeba mawe yale bila kuambiwa yanakwenda kufanya nini. Mkongo anayeingia katika jumba la makumbusho la Hiroshima anaingia kutazama sehemu ya historia yake mwenyewe, na sioni kwamba siku hiyo itakuwa imepotea.

Kutoka Osaka treni ya kasi huchukua saa moja na nusu hivi. Kutoka stesheni apande tramu hadi lile jengo lenye kuba lililoachwa kama bomu lilivyoliacha, kisha avuke daraja na kupita bustanini kuelekea makumbusho, ambayo kiingilio chake kwa mtu mzima ni yeni 200 tu. Afike asubuhi, apate muda wa kutosha. Kama atakutana na wahudumu wa kujitolea wanaowaongoza wageni, awaambie anatoka Katanga. Kaka yako anaweza kuyazungumza hayo kwa adabu, bila kumlaumu mtu aliye mbele yake.

Ni makosa gani madogo yanayowaletea wageni matatizo makubwa?

Kadi ya ukaazi ndiyo ya kwanza. Mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea lazima atembee nayo wakati wote, hata akitoka kununua mkate, na polisi wakiiomba aitoe kwa utulivu. Anwani iandikishwe manispaa ndani ya siku 14 baada ya kupata makazi. Hapo hapo aingie katika bima ya afya ya taifa, ambayo humwacha mgonjwa aliye mtu mzima alipe kwa kawaida asilimia 30 ya gharama.

Baiskeli huandikishwa pia. Ukipewa au ukiuziwa na mwenzako anayerudi nyumbani, badilisheni jina kabla hajaondoka. Vinginevyo polisi wakikusimamisha utaonekana mwizi wa kitu ulichopewa kwa upendo. Taka hutengwa kwa aina na kila aina ina siku yake, hivyo bandika kalenda ya mtaa jikoni. Njiani mapipa ni machache mno, na ukila nje urudi na taka zako mfukoni. Katika treni usizungumze kwa simu.

Na chakula?

Unga wa muhogo, mafuta ya mawese na sombe hupatikana kwa bei ya juu katika maduka ya bidhaa za Afrika na Asia. Tokyo, jaribuni mtaa wa Shin-Okubo. Anayetamani sambaza waliokaushwa, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, aingie duka lolote la vyakula na aulize niboshi, samaki wadogo wakavu ambao Wajapani huwachemsha kupata mchuzi. Wakiungwa kwa nyanya, kitunguu na pilipili, wanafaa sana kwa bugali.