Utaratibu wa kuonja trei ya bia

Ndugu, umeuliza kama kuna utaratibu wa kufuata unapoletewa trei ya bia tano za kuonja katika kiwanda kidogo, au kama unaweza kuanza na glasi yoyote. Utaratibu upo, nao ni kutoka bia nyepesi kuelekea nzito: anza na pilsna (bia nyepesi ya rangi ya dhahabu) au bia ya ngano, ufuatishe zile zenye utamu wa kimea, kisha IPA (bia yenye uchungu mkali), na umalizie na stauti (bia nyeusi na nzito). Uchungu wa hopsi, yaani maua yanayotiwa kwenye bia, hung'ang'ania ulimini, hivyo ukitanguliza IPA, pilsna itakayofuata itaonekana kama maji, nawe utakuwa umeionea.

Kabla ya kunywa, zungusha glasi taratibu na uinuse, kwa sababu sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha hupitia puani. Stauti iliyotolewa kwenye baridi kali huficha harufu yake; iache ipoteze ubaridi kidogo, ndipo harufu ya kahawa na chokoleti, itokanayo na shayiri iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi, itakapojitokeza. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo wengi hulikosa kwa sababu ya haraka tu.

Ukinusa siagi katika pilsna, mara nyingi hiyo ni diasetili, kemikali inayotokea bia inapochachuka, ambayo hamira haikupewa muda wa kutosha kuiondoa. Mweleze mhudumu bila kusita.

Kunywa maji kati ya glasi na glasi, na kumbuka kwamba glasi tano za mililita 120 ni mililita 600, kwa hiyo panga mapema mtu mwingine wa kuendesha gari.