Kabineti ya kuigiza: wakati wa kuiacha na wakati wa kuizima
Kabineti ya kuigiza (cab sim) ni sehemu ya kifaa inayoiga sauti ya spika ya gitaa. Usiizime kama waya wa Helix, kifaa cha kuigiza amplifaya na efekti za gitaa, unaenda moja kwa moja kwenye miksa. Spika ya gitaa hufifisha sauti kali kuanzia karibu kHz 5, ila spika za ukumbini hufika karibu kHz 20, kwa hiyo bila kabineti ya kuigiza gitaa litalia kama nyuki ndani ya debe. Izime pale tu unapotumia amplifaya halisi yenye spika ya gitaa, na uchomeke nyuma, kwenye tundu la kurudishia efekti (effects return). La mbele litakuongezea rangi ya pili ya amplifaya. Wenye Kemper, kifaa kingine cha aina hiyo, wana nafuu: kabineti ya kuigiza inazimika upande wa monita (tundu la spika ya jukwaani) peke yake, miksa inaendelea kuipata.